Mteja Asiyejulikana Jina

Karibu na lango la kambi ya askari, popote pale katika Uganda, hapakosi vibanda vya biashara. Vingine ni vya mbao, vingine ni vya mabati, na vingine ni mwavuli tu na meza ndogo chini yake. Hapo huuzwa sukari, chumvi, sabuni, majani ya chai na mkaa. Na tangu mwaka 2009, ulipoanza nchini humo utaratibu wa kupelekeana fedha kwa simu, hutolewa pia huduma ya fedha yenyewe. Mtu huja na noti akaondoka na salio ndani ya simu, au huja na salio akaondoka na noti. Aghalabu mwenye kibanda ni mke wa askari au wa polisi, aliyeona kwamba mshahara mmoja hautoshi kulisha watoto na kuwalipia karo, akaamua kuuongeza kwa jasho lake mwenyewe.

Mwanamke huyo ana shida moja ambayo mwenye duka wa kijijini haijui sana. Kijijini mteja hujulikana tangu utoto wake. Hujulikana baba yake, shamba lake, na tabia yake ya kulipa au ya kutolipa. Akikopa kilo ya sukari na kuchelewa, mwenye duka hana haja ya kumtafuta, maana watakutana kanisani au msikitini, kisimani au msibani. Kambini mambo si hivyo. Watu wake wametoka Arua, Kabale, Soroti na Masaka. Huelewana kwa Kiswahili, lakini mmoja hajui kwao mwenzake. Aliyenunua leo huenda kesho akapata uhamisho wa kwenda mbali. Nje ya lango nako hupita madereva wa malori, waendesha bodaboda, wachuuzi, na wageni waliokuja kuwatazama jamaa zao. Kwa hiyo mwenye kibanda hushinda kutwa akifanya biashara na watu ambao majina yao hayajui.

Sare nayo huongeza ugumu wa jambo hilo. Raia amwonapo mtu aliyevaa sare hudhani amekwisha kumjua, kumbe amejua kazi yake tu. Kibao cha jina kifuani hushonwa na fundi kwa dakika chache. Ni kweli kwamba sheria humkataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi bila idhini, lakini mwizi asiyeogopa sheria ya wizi hataiogopa sheria ya mavazi.

Hasara ya jioni moja

Kisa kifuatacho ni cha mfano, ingawa mambo yaliyomo si mageni kwa mwenye kibanda yeyote. Mke wa koplo mmoja alikuwa wakala wa fedha za simu karibu na lango la kambi. Mtaji wake ulikuwa shilingi 1,000,000. Asubuhi ile alikuwa na shilingi 600,000 za noti sandukuni na shilingi 400,000 za salio katika simu. Kazi ya wakala, ikitazamwa vema, ni kuzibadilisha fedha hizo mbili, moja iwe nyingine. Mteja akiweka shilingi 50,000, noti sandukuni huongezeka na salio hupungua kwa kiasi hicho hicho. Akitoa shilingi 50,000, noti hupungua na salio huongezeka. Jumla haibadiliki. Jioni, noti na salio zikijumlishwa, lazima zirudi kuwa shilingi 1,000,000. Faida ya wakala ni kamisheni ndogo ailipwayo kwa kila huduma.

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi, na wateja walipanga mstari. Akaja kijana aliyevaa shati la sare na suruali ya kiraia, anahema kama mtu aliyekimbia.

"Shikamoo, mama. Naomba nitoe shilingi 300,000 haraka. Afande ananingoja ndani ya gari, na safari ni ndefu."

Akabonyeza simu yake. Mara ile ile simu ya mama ikalia, ujumbe ukaingia, wenye maneno yote yaliyozoeleka: kiasi, tarehe, saa, na shukrani ya kampuni. Mama aliusoma, akahesabu noti, akampa. Kijana akashukuru na kuondoka. Hakuandikwa daftarini, kwa kuwa daftari lilikuwa chini ya mfuko wa mkaa na mstari ulikuwa mrefu.

Usiku mama alipofunga hesabu alikuta jumla ya shilingi 700,000. Alihesabu mara tatu. Hatimaye akaufungua tena ule ujumbe na kuutazama ulikotoka. Haukutoka kwa kampuni. Ulitoka katika namba ya simu ya mtu binafsi. Kijana alikuwa ameyaandika maneno hayo mapema, akayahifadhi, kisha akayatuma mbele ya macho yake. Salio lake halikuongezeka hata senti moja.

Yafaa msomaji aipime hasara hiyo kwa hesabu. Tuseme wakala hupata kamisheni ya shilingi 1,000 kwa kila huduma, na kwa siku huhudumia watu 20. Kuzirudisha shilingi 300,000 itambidi ahudumie watu 300, yaani siku 15 za kukaa juani bila kula faida yake. Fedha zile, katika nyumba ya koplo huyo, zilikuwa zimewekewa karo ya mtoto wa kidato cha kwanza.

Hasara ya pili

Kosa la kwanza lilikuwa la kuamini. Kosa la pili, lililofuata siku mbili baadaye, lilikuwa la kutoamini, nalo lilimgharimu zaidi.

Siku ya Jumatatu alikuja askari mmoja asiye na cheo, mpole, ambaye mama hakuwahi kumwona. Alitaka kutoa shilingi 80,000. Kitambulisho chake kilikuwa kimechakaa, na herufi za jina zimefutika nusu. Mama alikitazama, akamtazama uso, akaikumbuka Jumamosi. Hakutazama simu yake kuona kama fedha zimeingia. Alipaza sauti.

"Mmezoea! Leo hutoki hapa. Mwizi huyu!"

Watu wakajaa. Waendesha bodaboda wakashuka katika pikipiki zao. Lau polisi wa jeshi wa langoni hawangefika upesi, huenda kijana yule angepigwa mawe. Walipomhoji ikaonekana kwamba alikuwa askari wa kweli, aliyehamishiwa hapo wiki ile ile, na kwamba fedha alizotaka kutoa ni zake halali, zilizokuwa zimekwisha kuingia katika simu ya mama wakati yeye akipiga kelele. Askari hakusema neno. Alipokea noti zake, akazihesabu mikono ikitetemeka, akaenda zake.

Tangu siku hiyo wenzake wa platuni yake wakawa wanapita mbele ya kibanda cha mama na kwenda kwa wakala wa pili. Hawakumtukana, wala hawakumshitaki. Walipita tu. Ikawa mwizi mmoja amechukua shilingi 300,000, na hofu ya mwizi huyo imewachukua wateja thelathini waaminifu.

Makosa hayo mawili, ijapokuwa yanaonekana kupingana, yana mzizi mmoja. Jumamosi na Jumatatu mama alijiuliza swali lile lile: "Huyu ni mtu wa namna gani?" Akalijibu kwa kutazama nguo, uso, haraka na upole. Swali lililompasa lilikuwa jingine: "Fedha imeingia?" Jibu la swali hilo halimo usoni mwa mtu. Limo katika salio la simu, ambalo wakala hulifungua kwa namba yake ya siri na kulisoma mwenyewe, bila kutegemea ujumbe wowote. Mwenye biashara hana uwezo wa kusoma mioyo ya wapita njia. Ana uwezo wa kuikagua shughuli iliyo mbele yake, na uwezo huo, akiutumia kwa kila mtu bila kubagua, humlinda na mwizi na humlinda mwaminifu asidhaniwe vibaya.

Biashara zisizohitaji jina, na zinazolihitaji

Si kila biashara inahitaji jina la mteja. Ni vema mama wa nyumbani atenganishe mambo matatu yanayofanyika katika kibanda kimoja.

La kwanza ni kuuza bidhaa kwa fedha taslimu. Mtu anunuaye nusu kilo ya chumvi na kulipa papo hapo hana haja ya kueleza yeye ni nani, wala si adabu kumwuliza. Kinachokaguliwa hapo ni noti. Noti kubwa isipokelewe gizani. Ipapaswe kwa vidole, maana karatasi ya noti halali si laini kama karatasi ya daftari. Kisha iinuliwe kwenye mwanga ili ionekane picha iliyofichwa ndani yake na uzi wa usalama uliopita katikati. Wakati wa kurudisha chenji, noti ya mteja isiingizwe sandukuni. Iwekwe juu ya meza, chini ya jiwe au bati, mpaka mteja ahesabu chenji na kuridhika. Desturi hiyo ndogo huondoa ule ugomvi wa kila siku, mmoja akisema "nilikupa 50,000", na wa pili akisema "ulinipa 20,000".

La pili ni kukopesha. Hapa jina ni la lazima, na mara nyingi hata jina halitoshi. Mtu aliyekopa akapata uhamisho wa ghafula huenda hakukusudia kudhulumu. Amri imetoka usiku, lori limeondoka alfajiri, na deni la sabuni likasahauliwa njiani. Lakini kwa aliyekopesha hasara ni ile ile. Mwenye duka apataye faida ya shilingi 10 katika kila shilingi 100 auzazo, akipoteza deni la shilingi 50,000, itambidi auze bidhaa za shilingi 500,000 ndipo faida yake ilifikie pengo hilo. Kwa sababu hiyo maduka mengi hubandika ukutani maneno ya mzaha kwamba mkopo ni kesho. Mzaha huo una akili ndani yake.

Hata hivyo, kukataa mikopo yote katika jirani ya askari ni vigumu, maana mshahara huja mara moja kwa mwezi na njaa huja kila siku. Basi mkopo uwe na mpaka. Uandikwe jina kamili, kiasi, tarehe ya kukopa na ya kulipa. Mkopaji atie sahihi. Na namba yake ya simu ipigwe pale pale ili ilie mfukoni mwake, siyo kuandikwa tu. Kiasi kisizidi kile ambacho mwenye duka aweza kukipoteza bila watoto kulala njaa. Mwenye haja kubwa kuliko hiyo aelekezwe katika chama chake cha akiba na mikopo. Askari wa jeshi la Uganda wanacho chama chao cha Wazalendo, na polisi wanacho cha Exodus. Vyama hivyo huweza kukopesha fedha nyingi kwa kuwa vinamjua mwanachama, na akiba yake imo mikononi mwao. Kibanda cha langoni hakina hata kimoja kati ya hayo mawili, wala kisijifanye benki.

La tatu ni kushika fedha za watu, pamoja na kununua vitu vilivyokwisha kutumika. Hapa sheria yenyewe humtaka mwenye biashara amjue mteja wake. Msafiri aletaye simu nzuri na kuiuza kwa shilingi 50,000, akisema ameishiwa nauli, huenda anasema kweli. Huenda pia simu hiyo imeporwa saa moja iliyopita. Sheria ya jinai ya Uganda humwadhibu apokeaye mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi. Bei ya chini kupita kiasi ni sababu ya kujua. Ni vivyo hivyo kwa viatu vya jeshi, mafuta yaliyofyonzwa katika gari la serikali, na dawa zenye alama ya serikali. Vitu hivyo visinunuliwe hata kama mwuzaji anajulikana kwa jina, kwa cheo na kwa ukoo wake.

Jinsi ulimwengu ulivyoacha wateja wasio na majina

Mama wa kibanda akiona kuombana vitambulisho ni usumbufu uliobuniwa kumwonea yeye, na ajue kwamba mabenki makubwa yalipitia njia hiyo hiyo. Huko Austria, katika Ulaya, kwa miaka mingi mtu aliweza kuweka akiba benki bila kutaja jina lake. Alipewa kitabu cha akiba, na mwenye kitabu pamoja na neno la siri aliweza kuzitoa fedha hizo. Watu wengi wa kawaida walipenda utaratibu huo. Lakini kitabu kisicho na jina kilimfaa pia mwizi, mla rushwa na mfanya biashara ya dawa za kulevya. Mwaka 1989 mataifa saba tajiri yaliunda chombo cha kupambana na utakatishaji wa fedha haramu, na mwaka 2000 chombo hicho kiliionya Austria kwamba ingesimamishwa uanachama isipoacha jambo hilo. Tangu tarehe 1 Novemba mwaka 2000, kufungua akaunti mpya ya aina hiyo kukapigwa marufuku.

Katika Afrika ya Mashariki mambo yalianza na simu. Kenya ilianza huduma ya M-Pesa mwezi wa Machi mwaka 2007, na Uganda ikafuata mwaka 2009 kwa huduma ya MTN. Wakati huo laini ya simu ilinunuliwa barabarani kama pipi, bila mnunuzi kuulizwa jina. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 iliamuru laini zisajiliwe, na usajili ukaanza mwaka 2012. Mwaka 2013 ikatungwa sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, na Benki Kuu ya Uganda ikatoa mwongozo wa fedha za simu. Mwaka 2017 wenye laini walitakiwa kuzithibitisha kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2020 ikaja sheria ya mifumo ya malipo ya taifa, iliyowaweka watoao huduma hizo chini ya leseni na usimamizi wa Benki Kuu.

Sheria hizo zimesaidia, lakini hazikumaliza kazi. Laini huweza kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Simu huibwa ikiwa na laini ndani yake. Mzee asiyejua kusoma humpa mpwa wake namba ya siri amtolee fedha. Ndiyo maana kitambulisho kinatazamwa pamoja na uso wa aliyekileta, na ndiyo maana namba ya siri lazima ibonyezwe na mteja mwenyewe kwa kidole chake, siyo kutajwa kwa sauti ili wakala ambonyezee. Mtoto aliyetumwa na baba kwenda kutoa fedha arudishwe nyumbani kwa upole, baba aje mwenyewe.

Daftari lifunguliwe, kisha lifungwe

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wakala liwe juu ya meza, si chini ya mkaa. Kila huduma iandikwe tarehe, kiasi, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na sahihi. Mara mbili kwa siku, adhuhuri na jioni, noti na salio zijumlishwe. Hesabu ya adhuhuri ina faida yake: pengo likigunduliwa mapema, mwizi hajafika mbali, na kampuni ikiarifiwa upesi inaweza kujaribu kuizuia fedha kabla haijatolewa kwingine. Ujumbe wa kughushi usifutwe kwa hasira. Huo ni ushahidi, na sheria ya mwaka 2011 inayohusu matumizi mabaya ya kompyuta inamfikia atapeliye kwa njia hizo. Mke wa koplo aliyetajwa hapo juu aliufuta ujumbe ule usiku ule ule, akilia. Alipofika kituo cha polisi asubuhi hakuwa na namba ya kuwaonyesha.

Lakini daftari lililojaa majina ni amana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu humtaka azikusanyaye azitunze na asizitumie kwa jambo jingine. Kwa vibanda vya kambini amana hiyo ni nzito mara mbili. Daftari lililoachwa wazi humwonyesha mpita njia ni askari wangapi wamepokea fedha wiki hii na ni akina nani. Adui hahitaji kuvuka ua wa kambi ikiwa orodha imo mezani nje ya lango. Mteja wa pili asiruhusiwe kuandika kwa kunakili mistari ya waliomtangulia, wala kupiga picha ukurasa. Daftari likijaa, liwekwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo, lisifungiwe karanga.

Kuna na siri za nyumbani. Wakala huona mengi: baba fulani hupeleka fedha kila wiki kwa namba ya mwanamke asiyejulikana; mama fulani huficha akiba ambayo mumewe haijui; kijana fulani hutumia mshahara wote katika kamari. Huenda yule mwanamke ni dada mgonjwa, na huenda siye. Wakala hakupewa kazi ya kuamua. Aliyeambiwa jina kwa ajili ya shughuli akilipeleka kisimani kwa ajili ya mazungumzo, amelitumia vibaya kuliko mwizi wa laini. Watu watakubali kutaja majina yao mahali ambapo wana hakika kwamba hayatatembea.

Kibao

Baada ya hasara zake mbili, mke wa koplo alikaa na mumewe wakashauriana. Kwanza, alikwenda kwa sajini wa platuni ile, akaomba aitiwe yule askari aliyemwita mwizi, akamwomba radhi mbele ya wenzake, kama alivyomwaibisha mbele ya watu. Haikuwa rahisi. Askari alimsikiliza akiwa amesimama wima, kisha akasema, "Yamekwisha, mama," akarudi kazini.

Pili, aliandika kibao kwa rangi nyeusi na kukitundika mbele ya kibanda. Kilikuwa na mambo matano: kila mtu aonyeshe kitambulisho; kila mtu aandike na kutia sahihi; fedha hutolewa baada ya wakala kutazama salio lake; hatumwi mtoto; hakuna haraka. Mstari wa sita, ulioongezwa na koplo mwenyewe, ulisema kwamba masharti haya ni kwa wote.

Mstari huo wa sita ndio uliojaribiwa kwanza. Kabla ya wiki kwisha akaja sajini meja, mtu mzima wa miaka mingi kazini, aliyekuwa akihudumiwa hapo tangu kibanda kijengwe. Akataka kutoa shilingi 100,000. Mama akamsalimu kwa heshima, akamwomba kitambulisho. Watu wawili waliokuwa nyuma yake wakatazama chini.

"Hunijui mimi?" akauliza.

"Nakujua sana, afande. Lakini nikikuacha wewe bila kuandika, huyu wa nyuma yako nitamwandika kwa sababu gani?"

Sajini meja akanyamaza kidogo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani. Akaandika jina lake kwa herufi za kusomeka, akatia sahihi, akangoja mama afungue salio lake na kulitazama. Yule wa nyuma yake, kabla hajaulizwa, alikuwa amekwisha kukishika cha kwake mkononi.

Hicho ndicho kilicho ndani ya uwezo wa mwenye biashara ndogo. Hataweza kumjua kila apitaye, maana barabara ni ndefu na kambi ni kubwa. Aweza kuweka sharti moja lililo wazi, na kulifuata kwa mkubwa na kwa mdogo, kwa amjuaye na kwa asiyemjua, ili mwaminifu asione haya kuulizwa na mwongo asipate mahali pa kupitia. Cheo kikiachwa kipite bila daftari, kesho mwizi atakuja amevaa cheo.

Shilingi 300,000 hazikurudi. Karo ya mtoto ililipwa kwa awamu, na mkuu wa shule alikubali baada ya kuombwa. Wateja wa platuni ile walianza kurudi mmoja mmoja, wakimfuata sajini meja. Jioni ile mama alifunga hesabu kama kawaida: noti shilingi 460,000, salio shilingi 240,000. Jumla ilikuwa shilingi 700,000 kamili. Akaiandika daftarini, akapiga mstari chini yake, akafunga.